Pua ya Paka na Moto wa Mia Tano

Pua ya paka wa dada yangu ilitugharimu shilingi elfu kumi na tatu, mia saba na hamsini. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata elfu kumi na tatu, mia tano na hamsini, nikaona moyo umeanza kufurahi, nikajua hapo pana kosa. Kumbe nilisahau nauli moja ya tuktuk ya kurudi kutoka Tononoka. Kwa pesa hizo mtu anapata mbuzi mzima, na mbuzi huja na pua yake, na ukimchoka unamla.

Lakini dada yangu hakutaka mbuzi.

Paka mwenyewe ni dume, mweupe pee, pua na ncha za masikio rangi ya waridi. Jina lake silitaji. Ni jina la heshima mno na adabu zake hazilifikii. Marehemu shemeji yangu alimtoa soko la samaki akiwa mdogo kama limau, akamleta Mji wa Kale ndani ya mfuko wa kanzu. Miaka minne sasa shemeji hayupo. Watoto wao wako mbali, mmoja Nairobi, mmoja ng'ambo, na dada anakaa peke yake ghorofani, mimi na duka langu la viungo tuko chini yake. Kila alasiri humimina vikombe viwili vya chai. Kimoja chake. Cha pili hakinywi mtu; paka hupanda kwenye kiti cha marehemu, akakunja mikono, na dada akamsimulia mambo ya mtaani mpaka adhana ya magharibi. Niliwahi kumwambia kwamba kikombe kile cha pili ni vijiko viwili vya sukari kila siku, na mwaka una siku ngapi? Hakunijibu. Paka naye hakunijibu.

Maradhi yalianza na kigaga kidogo juu ya pua. Tukasema amepigana. Dada akampaka asali na manjano, manjano yangu, sikumtoza. Kigaga kikatoka, kikarudi. Kikatoa damu. Baada ya miezi miwili pua ina kitu mfano wa kunde, na paka anakula kwa upande mmoja na kupiga chafya za damu kwenye ukuta uliopakwa chokaa kwa ajili ya Idi.

“Akifa huyu,” dada akaniambia siku moja, bila machozi, kama mtu anayeuliza bei ya iliki, “chai nitamsimulia nani?”

“Nisimulie mimi.”

“Wewe unahesabu vijiko vya sukari.”

Nikaenda kununua kapu.

Kapu nililinunua Makupa, kapu la kubebea kuku, lenye kifuniko. Mwenyewe alitaka mia sita, nikampa mia tatu na hamsini na dua. Dua haimo kwenye hesabu.

Asubuhi ya kutoka na lile kapu, wale wauza vinyago wa karibu na Ngome ya Yesu walikuwa wamekwisha kupanga meza zao, na hawakuwa na mtalii hata mmoja wa kumsumbua. Basi wakanisumbua mimi.

“Bi Viungo, kuku huyo mbona ana mkia?”

“Paka. Anakwenda hospitali.”

“Hospitali! Ana bima?”

“Hana. Lakini hajawahi kuniomba mkopo. Wewe umeniomba mara ngapi?”

“Mara moja, Bi Viungo.”

“Mbili. Ile ya Ramadhani umeisahau, mimi sijaisahau.”

Daktari wa wanyama tuliyemwendea Tononoka ni msichana wa Kigiriama, watu wake ni wa upande wa Kaloleni, msalaba mdogo shingoni na mikono myembamba isiyo na haraka. “Shikamooni, mama zangu,” akasema, na nikaanza kuhofu, maana anayekusalimu vizuri hivyo bei yake haishuki kirahisi. Akamega kipande kidogo cha kile kidonda kwenda kukipima. Elfu mbili na mia tano. Wiki ya pili akapita mwenyewe dukani kutupa jibu, mimi na dada tukainamia karatasi yake kama tunainusa.

“Ni saratani ya ngozi, mama. Jua ndilo limemfanya hivi. Paka weupe, jua la Mombasa huwala pua na masikio.”

“Hukatwa?” nikauliza.

“Naweza kukata. Lakini nikikata ili iishe yote, nitaondoa pua nzima. Ataishi, ila kula itakuwa taabu. Iko njia nyingine, sikuahidini kitu, nimeifanya mara chache tu. Niliazimwa mashine na mwalimu wangu.”

Njia yenyewe alitueleza hivi, na mimi naieleza kama nilivyoisikia. Alimgeukia dada.

“Mama, mwezi wa saba asubuhi, mafuta yako ya nazi huwaje ndani ya chupa?”

“Huganda. Mpaka uyapashe kwa viganja.”

“Basi kila seli ya mwili imevaa ngozi ya mafuta. Dawa ya kuua uvimbe huu ninayo, lakini peke yake haipenyi ngozi ile. Umeme, mapigo mafupi mno, huitoboa vitundu kwa muda mchache. Dawa huingia, vitundu hujifunga, dawa imebaki ndani. Lakini umeme ukiwa na nguvu sana unaumiza na nyama nzima iliyo jirani, na pua ya paka si uwanja. Kwa hivyo napasha kwanza moto kidogo. Mafuta yakilainika, umeme mdogo unatosha.”

Hili nililielewa upesi kuliko dada, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mteja akiingia dukani baridi, ukamtajia bei, anafunga kama chaza. Lakini mkaribishe, muulize watoto, mpe kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata, kisha bei ile ile itaje kwa sauti ndogo: inaingia. Kahawa peke yake haiuzi. Bei peke yake haiuzi. Na kahawa ikizidi, anakaa mpaka adhuhuri na haondoki na kitu.

“Kiasi gani?” nikauliza.

“Elfu tisa, mama.”

“Mwanangu, paka huyu hana kazi.”

“Dawa peke yake, mama...”

“Elfu sita.”

Tukaenda hivyo, yeye kwa upole, mimi kwa subira, dada kwa kunikanyaga mguu chini ya meza. Tukafika elfu nane na mia tano. Hapo daktari akasimama kabisa, na mimi humjua mtu anaposimama kabisa. Ndipo nikafanya lile jambo ambalo hadi leo dada hulitaja mbele za watu.

“Katika hiyo elfu nane na mia tano, moto ni kiasi gani?”

“Moto?”

“Ule wa kumpasha.”

“Sijui, mama. Tuseme mia tano.”

“Moto tunao nyumbani. Tutamleta amekwisha kupashwa. Toa moto.”

Msichana akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. “Haya, mama. Elfu nane.” Alidhani ni mzaha. Mimi sifanyi mzaha na mia tano.

Sasa ijulikane kwamba dada yangu si mgeni wa moto. Miaka thelathini amekanda wazazi. Mwanamke akijifungua huku kwetu, siku arobaini alikuwa akiitwa yeye, na sufuria lake la maji ya majani, na taulo, na mikono iliyokwisha kusahau maana ya kuungua. Katika kazi ile, moto mzazi anaoweza kuuvumilia huku anazungumza si moto. Mpaka anyamaze na auume mdomo. Basi siku ya tiba, asubuhi, dada akainjika sufuria, mimi nikamviringisha paka ndani ya taulo, na dada akamkanda pua kwa pindo la leso lililochovywa, kwa upendo wote na kwa kipimo cha mzazi. Paka alinichora mkono mistari mitatu. Tukampakia kapuni, tukaita tuktuk, na mimi njia nzima nikiiona ile mia tano imekaa mfukoni imetulia.

Daktari alifungua kapu. Pua ilikuwa imevimba, nyekundu, na malengelenge mawili. Akaweka waya wa kipimajoto juu yake: moto wenyewe ulikuwa umeshapoa zamani, tulikuwa tumebaki na kuungua tu.

“Nani amefanya hivi?”

Dada akanitazama mimi. Mimi nikamtazama paka.

“Nilisema moto kidogo, mama.”

“Kwa mzazi huo ndio kidogo,” dada akasema.

“Nyuzi arobaini na moja. Arobaini na mbili, basi. Juu ya hapo nyama inaiva.” Msichana hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. “Siwezi kupitisha umeme kwenye ngozi iliyoungua. Tungoje siku kumi ipone. Na uvimbe hautatungoja.”

Niliokoa mia tano kwa shilingi elfu moja: mia sita dawa ya kuungua, mia nne tuktuk ya kwenda na kurudi bure. Nimehesabu mara mbili, haibadiliki.

Dari ya duka langu ni sakafu ya dada, mbao za zamani, na alasiri nikipima bizari husikia sauti yake juu ikimsimulia paka nani kaposwa na nani kavunja uchumba. Siku zile hapakusikika kitu. Paka alijilaza chini ya kitanda na hakutaka kutoka. Dada alimimina vikombe viwili, nilisikia, na havikusikika tena. Siku ya tano, ya sita. Kunde ile ikawa harage. Siku ya saba nikafunga duka mapema, jambo ambalo hata kwa mazishi hulifikiria, nikapanda juu, nikakaa kwenye kile kiti.

“Hicho kina mwenyewe.”

“Nimekuja kukuomba radhi.”

“Kaa mkekani.”

Nikakaa mkekani. Akaninyima chai kwa muda, kisha akanipa kile kikombe cha pili, kimepoa. Nikakinywa chote na sikusema lolote juu ya sukari.

“Akipona nitakusamehe,” akasema. “Asipopona pia nitakusamehe, lakini utangoja.”

Siku ya kumi tulirudi Tononoka, paka hajapashwa, hajaguswa, amefungwa kapuni kama amana ya mtu. Ngozi ilikuwa imepona. Daktari akamchoma sindano ya usingizi, paka akalegea ulimi nje, dada akageuza uso. Dawa ya uvimbe ikaingizwa. Mashine ikawekwa mezani, si kubwa kuliko redio, ina betri yake, na kalamu yenye sindano nyembamba mwishoni. Taa ya kupashia moto ikawashwa. Kipimajoto kikaanza kupanda: thelathini na nne, thelathini na sita.

Stima ikapotea.

Mtaa mzima. Tulisikia mafeni yakikata pumzi. Daktari akatazama taa, akatazama paka, akatazama saa. Mashine ya umeme ingefanya kazi kwa betri, lakini taa ya moto haikuwa na betri, na jenereta alikuwa nayo jirani ambaye duka lake lilikuwa limefungwa. “Dawa imeshaingia,” akasema polepole. “Ina muda wake. Nikipiga umeme bila moto itanibidi niongeze nguvu, na hapa karibu na jicho sitaki.”

Mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, sikuwa na bei ya kutaja.

Dada akavua pete zake mbili, akaziweka kwenye meza. “Chupa ya chai unayo, mwanangu?”

“Ninayo, mama. Ina maji ya moto, sijatia majani.”

“Lete. Na maji ya baridi. Na bakuli.”

“Mama, safari hii...”

“Safari hii wewe nambie namba, mimi nitakupa mkono.”

Akachanganya maji, akatumbukiza kiwiko. Akaongeza ya baridi. Akatumbukiza tena. Akakunja pindo la leso mara nne, akalikamua, akaliweka juu ya pua ya paka kwa ncha za vidole, waya wa kipimajoto ukiwa chini yake.

“Thelathini na tisa,” daktari akasoma.

Dada akabadilisha kitambaa.

“Arobaini na tatu. Mama, imepita!”

Akakinyanyua, akakipungia hewa mara mbili, akakirudisha. “Sasa?”

“Arobaini na moja.”

“Hii ndiyo unayoitaka?”

“Hiyo hiyo. Naihitaji ikae hapo, isipande, isishuke.”

“Nusu ya mzazi,” dada akajisemea, kama mtu anayeandika. Na ikakaa. Dakika kumi, vitambaa viwili kwa zamu, maji yakitiwa kijiko kwa kijiko, na kila daktari aliposoma namba ilikuwa arobaini na moja, arobaini na moja, mara moja arobaini na moja na nusu. Mikono ile nimeiona tangu utotoni ikikanda unga, ikikanda wake za watu, sijawahi kuiona ikiwa polepole vile.

“Tayari,” daktari akasema. “Toa mkono, mama. Sehemu mbili, mapigo manane kila sehemu.”

Kila pigo masharubu ya paka yaliruka, ingawa mwenyewe amelala. Lilikuwa jambo dogo, kama mtu aliyeguswa bega. Sehemu ya kwanza: moja, mbili, mpaka nane. Sehemu ya pili: moja, mbili, mpaka saba. Mashine ikalia, daktari akaanza kutoa kalamu.

“Saba,” nikasema.

“Nane, mama. Mashine imemaliza.”

“Mashine imepiga nane. Masharubu yameruka saba. Nimelipia nane.”

“Wewe!” dada akanionya.

Lakini daktari alishainama kwenye kile kioo kidogo cha mashine, akabonyeza, akasoma. Sindano ilikuwa imeteleza kidogo, pigo la tano halikupita. Kitambaa kikarudi, arobaini na moja, kalamu ikarudi, na masharubu yakaruka mara ya nane. Msichana akanigeukia.

“Mama, kwani wewe huhesabu kila kitu?”

“Mara mbili,” dada akamjibu kwa niaba yangu. “Tumeshazoea.” Na nikajua nimesamehewa robo.

Yaliyofuata yalikuwa ya kungoja, na dawa ya maumivu ya mia saba. Harage lile likawa jeusi, likakauka, likawa gome. Wiki ya tano dada akalikuta sakafuni, akaniita kwa sauti ambayo nilidhani nyumba inaungua. Chini yake palikuwa na ngozi mpya, laini, na tundu moja la pua limepungua ukingo kidogo, kama kikombe cha zamani. Daktari alimtazama tena baada ya miezi mitatu, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga, akasema haoni kitu, na kwamba tuendelee kumtazama. Hakusema amepona kabisa. Daktari anayechagua maneno hivyo mimi humwamini. Bei ya kumtazama hakutaka, akasema mikono ya dada ilikwisha kulipa. Nauli nililipa mimi.

Siku ile ile, alasiri, nilikuwa nikifunga iliki kwenye karatasi, nikasikia juu vikombe viwili vikiwekwa. Kisha kishindo kidogo cha kitu chenye miguu minne kikipanda kitini. Kisha sauti ya dada: “Haya, sikiliza. Yule binti wa nyumba ya pembeni...” Iliki ile niliifunga nikazidisha kipimo. Mteja akashangaa. Nikamwambia ni zawadi, asizoee.

Jioni dada alishuka na fundo kwenye pindo la leso. Akalifungua mbele yangu, akahesabu noti juu ya ndoo ya pilipili: elfu sita, mia tatu na sabini na tano.

“Nusu ya elfu kumi na tatu, mia saba na hamsini si hiyo,” nikamwambia. “Ni elfu sita, mia nane na...”

“Toa kwanza elfu moja ya kuungua. Ile ni yako peke yako. Nani alimwambia daktari atoe moto?”

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Ilikuwa sawasawa. Mwanamke huyu miaka yote hii ananiambia hesabu si kazi yake.

Limebaki jambo moja, nalo limenishinda. Daktari alitukanya kwamba jua ndilo lililomla pua, na jua litarudi kwa masikio, tumzuie lile la mchana. Lakini kila siku saa sita, jua likiwa wima juu ya kichochoro, paka huyu anashuka ngazi, anavuka duka langu kama mwenye nyumba, anajilaza kwenye baraza, masikio yote mawili juani. Nimemwekea gunia kivulini, akalitazama. Nimempa dagaa ili akae ndani. Amekula dagaa, ametoka. Nimefunga mlango, na wateja wamedhani nimefilisika. Nimemtundikia turubai, naye husogea kila kivuli chake kinapofika. Nimebishana na Wahindi, na Waarabu, na wazungu wa meli, sijapata kukutana na mtu asiyeshuka hata shilingi moja kama huyu. Na juu kuna kikombe cha pili kinachomngoja. Basi mwenye kujua namna ya kumtoa paka mweupe juani saa sita mchana, tafadhali apite dukani anambie. Bei tutaelewana.